Meli Huzinduliwa Mara Moja: Historia ya Usafiri katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Kila Jumamosi, katika ufukwe wa Lyulilo, jirani na Matema wilayani Kyela, hufanyika soko la vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake wa Kikisi katika kijiji cha Ikombe na maeneo jirani, mahali ambapo makazi ya watu yamebanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa. Hupangwa ndani ya mitumbwi, kimoja juu ya kingine, vikavushwa hadi sokoni. Kutoka hapo hupakiwa kwenye magari na kusambaa Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika sokoni hapo asubuhi ambayo ziwa lilikuwa limechafuka. Nilimwamkia mama mmoja mfinyanzi, akaitika marahaba na kunikaribisha nikae. Nikamwuliza bei ya chungu kikubwa. Alinitajia bei, nami, kama ilivyo desturi ya wanunuzi, nikaguna. Hakukasirika. Alinieleza kwa utulivu kwamba nisione bei ya chungu hicho kimoja. Humo ndani mna bei ya vingine viwili vilivyovunjika njiani asubuhi ile.

Nimefundisha historia ya uchumi kwa miaka mingi, na sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu gharama ya usafiri duni. Mnunuzi wa Mbeya hulalamikia bei asijue analipia mawimbi. Mfinyanzi wa Ikombe hupata kidogo asijue amlaumu nani.

Makala haya yanatokana na swali nililoondoka nalo Lyulilo siku hiyo. Meli ya kwanza ya mvuke iliingia Ziwa Nyasa mwaka 1875. Hiyo ni miaka 26 kabla ya reli ya Uganda kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kwa kipimo hicho, watu wa mwambao huu walionana na usafiri wa kisasa mapema kuliko sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Imekuwaje basi, karibu karne moja na nusu baadaye, mtumbwi ukabaki kuwa chombo chao cha uhakika?

Mlima na maji

Tuanze na jiografia, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa mara nyingi. Ziwa Nyasa lina urefu wa takribani kilomita 580, na katika kina chake kirefu zaidi hufikia kama mita 700. Upande wa kaskazini kabisa pana uwanda wa Kyela, wenye rutuba na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, nchi ya mpunga, kakao na migomba. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huukata uwanda huo ikielekea ziwani, na kila masika hukumbusha nani mwenye nchi.

Uwanda huo unakoma ghafla Matema. Hapo ndipo Milima ya Livingstone inapoanza kushuka moja kwa moja majini, kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi usawa wa ziwa, ambao ni kama mita 475 juu ya bahari. Kuelekea kusini, Ikombe, Lumbila, Kilondo na Makonde vimekaa kwenye vipande vidogo vya ardhi chini ya mlima huo. Ukifika Lupingu na Manda nchi huanza kulegea, hadi Liuli na Mbamba Bay. Kwa maji, kutoka Kyela hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 200.

Kiutawala, mwambao huo mmoja umegawanywa katika mikoa mitatu. Ikombe iko Kyela, mkoa wa Mbeya. Lumbila, Kilondo, Makonde, Lupingu na Manda ziko Ludewa, mkoa wa Njombe. Liuli na Mbamba Bay ziko katika wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Mbinga. Makao makuu ya mikoa yote mitatu, yaani Mbeya, Njombe na Songea, yako bara, juu ya milima. Mtu wa Lumbila mwenye shauri lake wilayani huteremka majini hadi Lupingu, kisha hupanda mlima kwenda Ludewa mjini. Au hupanda kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Jirani yake wa kweli, anayeuza naye na kuoa kwake, ni mtu wa Ikombe au Matema, ambaye kwa mujibu wa ramani ni wa mkoa mwingine.

Kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini mashariki unaolifanya ziwa kuwa kama bahari. Wazungu wa mwanzo waliliita Ziwa la Dhoruba. Wenyeji hawakuhitaji jina hilo. Walikuwa na elimu ya kujua siku ya kwenda na siku ya kukaa.

Meli za wengine

Meli ya mwaka 1875 iliitwa Ilala. Iliundwa Uingereza, ikavunjwa vipande, na vipande hivyo vikabebwa na mapagazi wa Kiafrika kuvuka maporomoko ya mto Shire kabla ya kuunganishwa tena. Mwenye meli alikuwa misheni ya Livingstonia ya Kanisa Huru la Scotland, na nahodha wake alikuwa E. D. Young. Jina la Ilala lilitoka mahali alipofia David Livingstone mwaka 1873, katika Zambia ya leo. Young alipolizunguka ziwa aliipa milima ya upande wetu jina la Livingstone, mtu ambaye hakuwahi kufika ncha ya kaskazini ya ziwa hili. Kwa hiyo katika safari moja, meli na mlima vyote vikapewa kumbukumbu ya mgeni mmoja.

Mwaka 1878 ikafuata Kampuni ya Maziwa ya Kiafrika, iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa Glasgow. Kituo chake cha kaskazini kilikuwa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Kuanzia mwaka 1881 ilianza kujengwa barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Tazama mwelekeo wa barabara hiyo: ilianza mwisho wa ziwa moja ikalenga mwanzo wa ziwa jingine, kwa ajili ya pembe za ndovu na misheni. Watu wa kaskazini mwa Nyasa walikuwa njiani tu.

Mwaka 1891 Wamoraviani na Misheni ya Berlin walifika Unyakyusa, na wote walipitia maji: kutoka pwani ya Msumbiji, kwa mto Zambezi na Shire, hadi kaskazini mwa ziwa. Shule za kwanza na maandishi ya kwanza yaliingia nchi hii kupitia ziwani. Wanaodhani Nyanda za Juu Kusini zilifunguliwa na barabara ya kutoka Dar es Salaam wakumbuke kwamba kabla ya hapo mlango wa mbele ulikuwa ziwani.

Wajerumani walileta meli yao mwaka 1893, Hermann von Wissmann, kwa fedha zilizochangwa Ujerumani kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa. Nayo ilifika vipande vipande. Makao yao ya utawala waliyaweka Langenburg, penye Lumbila ya leo, chini kabisa ya mlima. Nawaomba wasomaji mtulie hapo kidogo. Lumbila, ambayo leo tunaiita kijiji cha pembezoni, iliwahi kuwa makao makuu ya serikali ya wilaya, mahali ambapo amri zilitoka na kodi ziliingia, kwa sababu moja tu: meli ilifika pale.

Ilipokaribia mwaka 1900 Wajerumani walihamishia makao hayo milimani, Tukuyu, wakayaita Langenburg Mpya. Walikuwa na sababu za kiafya na za kiutawala, kwani Tukuyu ilikuwa na hewa baridi na iliwafikia watu wengi zaidi. Serikali ilifunga mizigo yake ikapanda mlima. Watu wa Lumbila walibaki. Naamini ukurasa wa kutengwa kwa mwambao huu ulifunguliwa hapo, kwani mlima ulikuwepo tangu kale na makao makuu yalikuwa yamekaa chini yake.

Mpaka ufukweni

Kabla ya hapo, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimetia saini mkataba wa kugawana nyanja zao. Kwa upande wa Ziwa Nyasa, mkataba ulifuata ufukwe wa mashariki, kaskazini na magharibi hadi mdomo wa mto Songwe. Hicho ndicho kiini cha mgogoro kati ya Tanzania na Malawi, uliojitokeza waziwazi mwaka 1967 katika enzi za Mwalimu Nyerere na Dk. Banda, ukaibuka tena mwaka 2012 baada ya Malawi kutoa leseni ya utafutaji wa mafuta ziwani. Tanzania husimamia mstari wa katikati ya maji. Malawi husimamia ufukwe. Usuluhishi ulikabidhiwa marais wastaafu wa Kusini mwa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano.

Mgogoro huo huandikwa kama suala la mafuta, samaki na heshima ya mataifa. Lakini ukiutazama kutoka ndani ya mtumbwi unaonekana kwa sura nyingine. Tukichukua ufukwe kuwa ndio mpaka, mama wa Ikombe anayepeleka vyungu Lyulilo anatoka nje ya nchi yake kila Jumamosi asubuhi na kurudi jioni, bila pasipoti, ingawa hajaondoka katika wilaya yake. Mchoraji wa mwaka 1890 hakuwa na habari kwamba kwa watu hawa maji ndiyo barabara. Aliweka mpaka ukingoni mwa barabara yao.

Agosti 1914 vita vilipoanza, meli zilizokuwa zikibeba barua na abiria ziligeuzwa silaha. Tarehe 13 Agosti, Waingereza katika meli Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, waliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa juu ya chelezo kwa matengenezo pale Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Vitabu vingi husimulia kisa hicho kwa kicheko, kwamba marafiki wawili wa glasi waligeuka maadui kwa sababu simu ilimfikia mmoja mapema. Sisi tuna haki ya kukisoma bila kicheko. Chombo kikubwa cha mwambao wetu kilizimwa siku hiyo kwa ugomvi ambao hakuna mtu wa mwambao aliyeuanzisha. Baada ya vita Waingereza waliitwaa, wakaitengeneza, wakaipa jina la King George V.

Ziwa linalohama

Kuna mhusika mwingine ambaye wahandisi humjua lakini wanahistoria humsahau, naye ni ziwa lenyewe. Kati ya mwaka 1915 na 1935 maji ya Ziwa Nyasa hayakutoka kabisa kupitia mto Shire, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Ziwa likapanda kwa mita kadhaa. Mwaka 1980 lilifikia kimo kikubwa kuliko vyote vilivyopimwa katika karne hiyo, kisha likashuka tena.

Katika uwanda ulio bapa kama Kyela, mita moja ya maji ni umbali mrefu wa nchi kavu. Zamani za Mjerumani na Mwingereza bandari ya kaskazini ilikuwa Mwaya. Baadaye ikawa Itungi. Leo shughuli nyingi zimehamia Kiwira. Mito inayoshuka kutoka Rungwe huleta mchanga na tope, na kila mti unaokatwa kwenye miteremko ya juu huongeza tope hilo. Jamii iliyoishi hapa kwa vizazi haikujenga gati la mawe, na si kwa ujinga. Mtumbwi huvutwa hadi maji yalipo. Gati hubaki pale lilipojengwa.

Nasema hivi kwa sababu miradi yetu huchukulia ziwa kama barabara ya lami isiyosogea. Bandari isiyo na fungu la kuondoa mchanga kila mwaka ina siku zake za kuhesabu, hata izinduliwe na nani.

Mchele na msiba

Chini ya Mwingereza mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, uwanda wa Kyela ulianza kutazama kaskazini. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, yaliwavuta vijana wa Kinyakyusa kuanzia miaka ya 1920, na mchele wa Kyela ukapata walaji huko. Soko la mchele likawa barabara ya Tukuyu na Mbeya. Mkulima wa uwandani akaanza kulipa kisogo ziwa.

La pili, meli kubwa ziwani zilibaki mikononi mwa shirika la reli la Nyasaland. Upande wa Tanganyika ukawa abiria katika meli za jirani. Tarehe 30 Julai 1946, meli Vipya, mpya kabisa, ikiwa katika safari zake za mwanzo, ilipinduka katika hali mbaya ya hewa upande wa kaskazini magharibi wa ziwa. Watu 145 walikufa. Ni msiba mkubwa kuliko yote ya usafiri katika historia ya ziwa hili, na bado ni wachache kati ya wanafunzi wangu waliopata kuusikia, ingawa wote wanaijua MV Bukoba ya mwaka 1996. Nafasi ya Vipya ilichukuliwa na meli nyingine iliyopewa jina la zamani, Ilala, iliyoanza kazi mwaka 1951 na kuhudumu kwa miongo mingi.

Bendera yetu, meli zetu

Baada ya uhuru tulikuwa na kila sababu ya kuligeukia ziwa hili, hasa mgogoro wa 1967 ulipoonyesha kwamba maji yasiyo na meli yetu yana mashaka ya umiliki. Lakini mradi mkubwa wa zama hizo ulikuwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Reli hiyo ilipita Mbeya kuelekea Zambia, kwa malengo ya heshima kubwa ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Haikuwa na tawi la kuteremka ziwani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania liliundwa na kuwa mwendeshaji wa vyombo vya majini. Ziwa Nyasa likazijua MV Iringa na MV Songea, ambazo baadaye zilikabidhiwa Kampuni ya Huduma za Meli iliyoanzishwa mwaka 1997. Watu wazima wa Lupingu na Liuli huyataja majina hayo mawili kwa mapenzi. Zilikuwa meli ndogo, lakini zilibeba wanafunzi, walimu, dawa, barua na maiti.

Awamu ya karibuni imeendeshwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Mwaka 2017 yalianza kazi matishari mawili, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja likiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000 za shehena. Mwaka 2021 ikazinduliwa MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Zote tatu ziliundwa hapa hapa Kyela, na hilo ni jambo la kujivunia. Fundi wa Kitanzania aliunganisha bati kwa bati kazi ambayo babu yake aliibeba kichwani vipande vipande bila kuulizwa.

Hata hivyo, tazama majina. Ilala, Hermann von Wissmann, Gwendolen, King George V. Kisha Iringa, Songea, Njombe, Ruvuma, Mbeya. Hakuna hata moja iliyobeba jina la kijiji cha ufukweni. Hatuna MV Lumbila wala MV Ikombe. Wengine wataona ni jambo dogo. Mimi naliona kama saini ya mwenye mali. Wamisionari walileta meli kwa ajili ya misheni, kampuni kwa ajili ya pembe, Wajerumani kwa ajili ya bendera, Waingereza kwa ajili ya reli yao. Nasi tumeleta matishari kwa ajili ya makaa ya mawe, saruji na biashara na Malawi na Msumbiji, malengo halali kabisa. Mtu wa mwambao amepata nafasi iliyobaki baada ya shehena.

Lami inapoishia

Haki itendeke: serikali haikukaa bure. Lami imejengwa kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, na aliyeipita njia hiyo zamani wakati wa masika anajua ni ukombozi wa namna gani. Upande wa kusini, lami imetoka Songea hadi Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, na ujenzi wa bandari mpya hapo umeanza. Ncha mbili za mwambao zinaunganishwa na nchi.

Shida iko katikati. Lami inaishia Matema kwa sababu mlima unaanzia Matema. Mgonjwa wa Ikombe hufikishwa kwa maji katika hospitali ya Kilutheri ya Matema. Mjamzito wa Lumbila mwenye uchungu uliokwama usiku wa Juni, mwera ukivuma, hapimi umbali kwa kilomita. Anapima kwa urefu wa mawimbi. Tunaposema huduma ya rufaa imeboreshwa kwa sababu tumenunua gari la wagonjwa, tujiulize gari hilo litapita wapi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu makini. Watasema wakazi wa vijiji hivyo ni wachache, meli ni ghali, nauli haiwezi kurudisha hata bei ya dizeli. Busara ni kuwasubiri wahamie kando ya barabara. Ninaijibu kwa swali. Nani kati yetu aliyewahi kuuliza kama barabara ya Mlima Kitonga inarudisha faida? Barabara tunaiita huduma. Meli tunaiita biashara. Tofauti hiyo haikutoka mbinguni. Tuliiweka wenyewe katika sheria na bajeti zetu.

Tuna Mfuko wa Barabara tangu mwaka 1998, unaojazwa kwa tozo katika kila lita ya petroli na dizeli. Tuna TANROADS kwa barabara kuu na, tangu mwaka 2017, TARURA kwa barabara za vijijini na mijini. Mvuvi wa Makonde anayenunua petroli kwa ajili ya injini ya boti yake analipa tozo ile ile anayolipa mwenye basi. Anachangia barabara za nchi nzima kwa kila safari anayofanya majini, na hakuna wakala mwenye wajibu wa kisheria wa kumjengea hata ngazi ya kushukia abiria. Tukiitaja haki ya kijamii katika mihadhara, mfano uko hapo.

Basi somo la historia hii ni lipi? Kwa muda wa karibu miaka 150 tumehesabu maendeleo ya ziwa hili kwa idadi ya meli zilizoingia majini. Meli huzinduliwa mara moja, mbele ya ngoma na kamera. Safari hufanywa kila wiki, bila kamera. Kijiji hakiwezi kuishi kwa uzinduzi. Kinaishi kwa ratiba, yaani kwa uhakika kwamba siku fulani, saa fulani, chombo kitafika, na kisipofika kuna ofisi itakayowajibika.

Kutokana na hilo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, njia ya maji kutoka Kyela hadi Mbamba Bay itambuliwe kisheria kama barabara ya umma, na ipewe sehemu ya tozo ya mafuta, ili safari za abiria ziwe na ruzuku isiyotegemea kama kuna shehena wiki hiyo. Pili, fedha zigawanywe kati ya bandari kubwa na gati ndogo. Meli ya abiria 200 inayotia nanga mbali na ufukwe, watu wakashushwa kwenye mtumbwi na mama mwenye mtoto mgongoni akarukia humo katikati ya mawimbi, ni meli iliyofanya nusu ya kazi. Tatu, mikoa ya Mbeya, Njombe na Ruvuma iwe na chombo kimoja cha kupanga usafiri wa ziwa, kwa kuwa mawimbi hayajui mpaka wa mkoa, na miti ya Rungwe ikikatwa gati la Kyela hujaa tope.

Hakuna katika hayo kinachohitaji teknolojia mpya. Mwaka 1893 vilipatikana vipande vya chuma, mapagazi na dhamira, na Lumbila ikawa makao makuu. Leo tuna mafundi, tuna meli na tuna bendera yetu wenyewe.

Chungu nilichonunua Lyulilo ninacho hadi leo, juu ya kabati la vitabu ofisini kwangu. Wanafunzi huuliza kiligharimu kiasi gani. Huwajibu kwamba nililipia vitatu, nikaondoka na kimoja.